Matundu ya Mguu wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alishuka kwenye basi la Kondoa akiwa na magongo mawili mapya ya mbao, na mguu wake bandia ukiwa ndani ya kiroba. Mume wangu alikipokea kile kiroba akidhani ni viazi vitamu, akakipima mkononi, kisha akatazama upindo wa gauni la mama yake na kuona mguu mmoja tu umekanyaga chini.

"Umevunjika," mama yake alimwambia kabla hajaulizwa. "Nilikuwa nateremka shambani. Nikasikia ta! Nikajikuta chini."

Hakutueleza zaidi siku ile. Jirani yake wa kijijini kwake, Busi, ndiye aliyetupigia simu baadaye akatuambia kwamba mama alilala kwenye mteremko, katikati ya matuta ya maharage, tangu asubuhi mpaka jua likawa kali. Alikuwa akiita, lakini upepo ulikuwa unachukua sauti yake na kuipeleka upande wa pili wa kilima. Aliyemwona ni mwanamke aliyekuwa akitafuta mbuzi wake.

Nyumba yetu ya Nzuguni ilikuwa bado haijaisha. Vyumba viwili vilikuwa na sakafu ya simenti, vilivyobaki vilikuwa na udongo mtupu, na vumbi liliingia kila upepo ulipoamka, yaani kila siku. Tulimpa mama chumba chenye sakafu. Mimi nilikuwa mhadhiri msaidizi wa kemia katika chuo kikuu kimoja hapa Dodoma, na hapohapo nilikuwa nasoma shahada ya uzamili. Utafiti wangu ulihusu plastiki. Nilikuwa nachukua ndoo na viti vilivyochakaa, navisaga, naviyeyusha, halafu navichanganya na nyuzi za mkonge nione kama mchanganyiko ule utakuwa imara kuliko plastiki yenyewe. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kufunga umeme majumbani, alikuwa akiwaambia wageni, "Mke wangu anasomea ndoo." Walicheka, na mimi nilicheka nao.

Mama alikuwa amepoteza mguu mwaka uliotangulia. Ana kisukari, na mwiba wa mgunga ulimchoma kisigino bila yeye kusikia maumivu. Kidonda kilipogunduliwa, kilikuwa kimeshaenda mbali. Alikatwa chini ya goti hapa mjini, na kigutu kilipopona akatengenezewa mguu bandia kwenye karakana ya hospitali. Tulimwomba abaki nasi. Alikataa. Alisema shamba halijui kama mtu ana mguu mmoja au miwili, akaondoka zake.

Mimi na yeye hatukuwa na ugomvi wowote, ila hatukuwa na ukaribu pia. Yeye ni Mrangi, Mwislamu, mtoto wa watu wa vilimani. Mimi ni Mgogo, nimezaliwa hapahapa mjini, Makole, na kila Jumapili naimba kwaya. Ndoa yetu ilifungwa bomani, na yeye hakusema neno la kupinga wala la kubariki. Alinizoea kidogo kidogo, kama mtu anavyozoea mji mgeni. Yeye na mwanawe waliongea Kirangi, na mama yangu mzazi akija mimi na yeye tunaongea Kigogo, kwa hiyo Kiswahili chetu, mimi na mama mkwe, kilikuwa cha adabu mno. Shikamoo mama. Marahaba. Umeamkaje? Nimeamka salama. Halafu kimya.

Mguu ule wa kwanza tuliulaza juu ya meza ya chakula. Kuna nguzo, kuna wayo wa mpira, na juu kuna sehemu ambayo kigutu kinaingia, iliyotengenezwa kwa plastiki nyeupe. Nyumbani tuliiita kikombe. Kikombe kilikuwa kimepasuka upande wa nyuma, ufa ukianzia karibu na ukingo na kushuka hadi katikati. Karibu na ukingo huo kulikuwa na mstari wa matundu madogo, yamepangwa vizuri, na ufa ulipita katikati ya moja.

"Wameutoboa!" mume wangu alisema. "Angalia. Wametoboa kitu kinachobeba mtu mzima, halafu wanashangaa kikivunjika!"

Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, anajifunga kilemba. Hakusema kitu.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda karakana, sote watatu. Fundi aliyemtengenezea mguu alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye vumbi la plasta mpaka kwenye nyusi. Alimsalimia mama kwa furaha ya kweli, akamuuliza habari za Kondoa, kisha akapokea mguu na kuugeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha. Alipitisha kidole kwenye yale matundu.

"Haya matundu si yangu," alisema.

"Si yako?" mume wangu aliuliza. "Kwa hiyo ni panya?"

"Ndugu yangu, mimi natoboa mahali pa ribiti za kufungia mikanda tu, hapa na hapa. Huku nyuma sigusi."

"Mama yangu amelala porini kama mzigo ulioanguka kwenye gari. Ungemwambia yeye hayo maneno, si mimi."

Sauti ya mume wangu ilikuwa kubwa. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi waligeuka. Kijana mmoja aliyekuwa anajifunza kutembea kati ya vyuma viwili alisimama akashika vyuma. Fundi alijaribu kusema tena, akaacha. Alimtazama mama, na mama alikuwa anatazama sakafu. Sijui kama kuna mwingine aliyeona hilo. Mimi niliona, nikafikiri ni aibu ya kugombewa mbele za watu.

Mwishowe fundi alisema atatengeneza kikombe kingine, ila mabamba ya plastiki yalikuwa yameisha, na mengine hayajulikani yatafika lini. Mume wangu alitoka bila kuaga. Tulirudi nyumbani tukiwa na mguu uliopasuka na ahadi isiyo na tarehe.

Ndipo yakaanza yale majuma ya kusubiri. Mama hakuwa mtu wa kukaa. Alichambua choroko zote zilizokuwa ndani, akashona mapazia upya, akafagia uwanja akiwa amekaa kwenye kigoda, akikisogeza hatua kwa hatua. Mimi nilikuwa nikitoka chuoni namkuta jikoni. Siku moja nilimkuta anakoroga mlenda, na bila kunitazama akauliza, "Huko chuoni unafanya nini hasa? Mwanangu anasema ndoo."

Nilitaka kumjibu kwa kifupi, lakini mwiko ulikuwa mkononi mwake na mlenda unavutika kutoka chunguni, uzi mrefu usiokatika.

"Unaona huo uzi, mama?" nilimwambia. "Kinachoufanya uvutike ni minyororo. Ni midogo mno, macho hayaioni, lakini ni mirefu, na imesokotana. Maji hayavutiki hivyo kwa sababu hayana minyororo. Plastiki nayo ni minyororo ya namna hiyo. Sisi tunaita polima. Kazi yangu ni kujua ni kitu gani kinafanya minyororo ishikane na kitu gani kinaikata."

Aliinua mwiko tena, akautazama uzi mpaka ukakatika.

"Kwa hiyo mlenda na mguu wangu ni ndugu."

"Ni ndugu wa mbali."

Alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kwa neno langu. Tukala mlenda na ugali wa mtama, na alipomaliza kunawa mikono akasema jambo ambalo naamini alikuwa amelifikiria siku nyingi.

"Basi nitengenezee wewe. Hao wa hospitali hawana plastiki. Wewe unayo. Nipe hiyo yako ya mkonge."

Nilisema nitajaribu kuuliza. Usiku ule usingizi ulikuja kwa shida. Nilikuwa na vibamba vya plastiki ya mkonge pale maabara, vigumu, vyenye rangi ya asali, na nilikuwa najivunia. Mashine ya kuvuta, inayopima uimara, ilikuwa imeonyesha kwamba ni imara kuliko plastiki tupu. Kwa nini visimfae mama yangu?

Msimamizi wangu alikuwa profesa wa kike aliyekaribia kustaafu, mwenye desturi ya kuvua miwani anapotaka kukataa jambo. Aliivua kabla sijamaliza kueleza.

"Hapana," alisema.

"Profesa, ni mama mkwe wangu. Ameridhia mwenyewe."

"Ndiyo maana nasema hapana. Ameridhia kwa sababu ni wewe. Hajui anaridhia nini, na wewe pia hujui. Umevuta hivyo vibamba vikiwa vikavu. Umewahi kuviloweka kwenye jasho?"

Sikuwa nimefanya hivyo.

"Ana kisukari," aliendelea, na sauti ikawa ya chini. "Mwiba uliingia mguuni hakusikia. Unyuzi wa mkonge ukichomoza ndani ya hicho kikombe atasikia? Utakuja kumkata goti, binti yangu."

Alivaa miwani. "Viloweke kwanza," akasema. "Na wakati vinaloa, niletee huo mguu uliovunjika. Mnataka kutengeneza wa pili na hamjui wa kwanza ulikufa kwa nini."

Nilichanganya maji na chumvi, nikazamisha vibamba vyangu humo, nikaviweka kwenye joto kama la mwili. Nilivitoa baada ya muda nikiwa bado na matumaini. Mkonge ulikuwa umekunywa maji. Vibamba vilikuwa vimevimba pembeni, nyuzi zimeachana na plastiki, na nilipovikunja kwa mikono tu vililia na kupasuka. Nilikaa kwenye kiti cha maabara nikavitazama. Ilikuwa kazi ya zaidi ya mwaka. Hata hivyo nilichokuwa nakiona mbele yangu ni goti la mama, ngozi yake nyembamba, kovu lake. Nilimshukuru profesa moyoni, ingawa ilichukua siku kadhaa kabla ya kuweza kumwambia.

Kumwambia mama ndiko kulikuwa kugumu zaidi. Nilimkuta kibarazani, nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, ile plastiki yangu haifai. Inakunywa jasho, kisha inaoza kama mbao. Siwezi kukuvisha."

"Lakini umejaribu?"

"Nimejaribu."

"Basi," alisema, akanigusa begani. "Tutasubiri ya hospitali."

Kikombe kilichopasuka nilikipeleka chuoni kwenye kile kiroba chake. Nilikata kipande chenye ufa kwa msumeno mwembamba, nikakisafisha, nikakiweka chini ya hadubini. Kwanza niliangalia matundu ya ribiti, yale ambayo fundi alisema ni yake. Yalikuwa na kingo safi, zenye mikwaruzo ya duara iliyoachwa na keekee ya kutobolea. Halafu nikasogeza kwenye matundu ya nyuma.

Hayakuwa na mikwaruzo ya duara. Kingo zake zilikuwa zimevimba kama midomo, plastiki imeyeyuka ikatiririka ndani kisha ikaganda. Kuyazunguka kulikuwa na rangi ya kahawia, na ndani ya rangi hiyo nyufa ndogo ndogo zimetawanyika kila upande. Ufa mkubwa ulianzia palepale. Hakuna keekee inayofanya hivyo. Kilichopita pale kilikuwa cha moto, na chembamba, kama msumari.

Profesa aliinama akaangalia kwa muda mrefu.

"Moto umeikata minyororo," alisema. "Kila tundu limezungukwa na plastiki iliyozeeka ghafla. Halafu matundu yenyewe yako ukingoni, mahali ambapo kikombe kinakunjwa kila hatua. Huyu fundi wenu aliwaambia nini?"

"Alituambia matundu si yake."

Alinisukumia hadubini niangalie tena.

Nilifika nyumbani mapema kuliko kawaida, mume wangu akiwa bado kazini. Mama alikuwa chumbani, amemaliza kuswali alasiri akiwa amekaa juu ya mkeka, kwa kuwa hawezi kupiga magoti. Niliketi chini karibu naye. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakapotea.

"Mama," nilisema, "ule mguu ulitobolewa na msumari wa moto."

Alikuwa anakunja kanga. Akaendelea kuikunja mpaka ikawa ndogo kabisa, akaiweka mapajani, akaweka mikono juu yake.

"Kule kwetu, jua la saa sita," alianza, "kigutu kinachemka humo ndani. Soksi inalowa, unaikamua kama umefua. Nikawa navua mguu kila baada ya tuta, nakaa, nakausha, navaa. Watu wanapalilia wanamaliza, mimi bado niko mwanzo. Nikasema, viatu vya plastiki vina matundu, mbona havivunjiki? Nikachoma msumari kwenye mkaa. Nilitoboa polepole, nikayapanga vizuri. Na upepo uliingia. Wallahi uliingia. Nilipata raha mwezi mzima."

"Mbona hukutuambia pale karakana?"

Macho yake yalijaa machozi, lakini sauti haikutetereka.

"Nilitaka kusema pale mezani. Lakini mwanangu alikasirika kabla sijafungua mdomo. Alikasirika kwa ajili yangu. Tangu baba yake afariki hakuna mtu aliyewahi kupaza sauti kwa ajili yangu. Nikaona, acha niisikie kidogo. Halafu tukafika kule, na ikawa kubwa, na watu wanatazama. Nikashindwa pa kuingilia."

Nilimshika mkono. Nilimwelewa vizuri kuliko nilivyotarajia, maana nami nimeshawahi kukaa kimya nikisikia mtu ananitetea kwa jambo ambalo halikuwa hivyo. Tulikaa pale mpaka mlango wa geti ulipogongwa.

Mume wangu aliposikia, alikaa chini, mikono kichwani. Nilidhani atamkasirikia mama yake. Alichosema ni, "Nilimuuliza mtu wa watu kama ni panya waliotoboa."

"Nitakwenda mimi," mama alisema.

"Tutakwenda wote."

Tulikwenda. Mama alikuwa amebeba asali ya Kondoa aliyokuwa ameniletea mimi aliposhuka kwenye basi; aliniomba ruhusa kwanza ampe fundi. Fundi alipotuona aliweka chini brashi yake na kusimama wima, kama mtu anayejiandaa kwa mvua ya mawe. Mume wangu alianza, "Kaka, nimekuja kukuomba radhi," lakini mama alimkatiza.

"Nyamaza wewe. Hii ni yangu." Akamgeukia fundi. "Mwanangu, matundu niliyatoboa mimi kwa msumari. Ulisema kweli, na mimi nilikuwepo, nikakaa kimya ukitukanwa. Nisamehe."

Fundi alivuta kigoda akaketi mbele yake, magoti kwa magoti.

"Mama, umenitoa mzigo," alisema. "Siku ile nilirudi nyumbani nikajiuliza kama kweli nilitoboa nikasahau. Nilianza kujiogopa." Alisugua vumbi la plasta usoni. "Lakini niambie, joto lilikusumbua zaidi wapi? Mbele au nyuma?"

Hivyo ndivyo ilivyokwisha. Mama alimwonyesha. Alimweleza jinsi jasho linavyojikusanya chini, jinsi soksi inavyojikunja, jinsi mguu unavyoteleza wakati wa kuteremka na unavyokaza wakati wa kupanda. Fundi alisikiliza, akiuliza tena na tena. Baadaye akaniita niende naye stoo. Kulikuwa na miguu mingi ya zamani, iliyorudishwa kwa sababu imechakaa au imevunjika, imerundikwa kwenye kona. Alichukua mmoja akaupeleka kwenye mwanga. Akachukua mwingine. Kwenye baadhi yake kulikuwa na matundu yenye kingo zilizovimba. Mmoja ulikuwa na tundu kubwa la mraba lililokatwa kwa kisu. Mwingine umezibwa kwa nta.

"Hawakuniambia," fundi alisema. "Wanaogopa nitasema wameharibu kitu cha msaada. Na mimi sikuwahi kuuliza. Nilidhani ni kuchakaa tu."

Nilimwomba aniazime vile vikombe. Profesa alipoviona vimepangwa juu ya meza ya maabara alivua miwani, nikaogopa, kumbe alitaka kuifuta.

"Haya," alisema. "Mkonge unaweza kusubiri. Huu ndio utafiti wako."

Kazi iliyofuata haikuwa ya kushangaza mtu. Nilikata vipande vya bamba lilelile linalotumika karakana. Vingine niliviacha vizima, vingine nikavitoboa kwa msumari wa moto, vingine fundi alivitoboa kwa keekee kali kisha akalainisha kingo kwa msasa mpaka zikang'aa. Tukavipa mashine ivikunje na kuvinyoosha, mchana kutwa, kama goti linavyofanya. Vya msumari vilipasuka upesi. Vya keekee vilivyolainishwa vilivumilia karibu kama vile vizima, mradi matundu yawe mbali na ukingo. Fundi alikuwa na hofu nyingine ambayo mimi sikuwa nayo: tundu likiwa pana, nyama laini ya kigutu huvimba na kuingia ndani yake kama kitufe. Kwa hiyo tukabaki na matundu madogo, machache, ubavuni, mahali ambapo kikombe hakikunjwi sana. Halikuwa jibu la kila kitu. Mtu bado atatoka jasho, bado atabadili soksi. Lakini hewa ingeingia.

Mabamba ya hospitali yalifika wakati mawingu yameanza kujikusanya upande wa mashariki. Safari hii profesa alisema ndiyo, mama awekewe yale matundu ya ubavuni, kwa kuwa plastiki ilikuwa ileile iliyozoeleka na daktari wa mama aliridhia. Fundi alichukua umbo la kigutu upya kwa plasta. Bamba lilipolainika kwenye tanuri, likawa angavu kama kioo, walilivuta juu ya umbo, watu wawili wenye glavu nene, wakikimbizana na joto. Mama alitazama yote kutoka kwenye benchi. "Kumbe linapikwa," alisema.

Alijifunza kutembea upya kwa subira iliyonishangaza. Kila jioni alivua mguu, nami nilishika kioo kidogo chini ya kigutu ili aone ngozi yote, kwa sababu hawezi kutegemea maumivu yamwambie. Palipokuwa pekundu tuliweka alama kwa kalamu ya wino, na fundi alipunguza kikombe mahali hapo. Kazi hiyo ya kioo, mtu akishika na mwingine akiinama, ilituzoesha zaidi ya miaka yote ya shikamoo na marahaba. Aliniambia habari za ujana wake, jinsi alivyokuwa akibeba mtama kichwani kutoka bondeni. Mimi nilimwambia kwamba nilikuwa nimeharibikiwa na mimba mwaka ule, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote zaidi ya mume wangu. Alikichukua kioo mkononi mwangu akakiweka chini, akakivuta kichwa changu kifuani kwake, akasema maneno ya Kirangi ambayo sikuyaelewa na sikuuliza maana yake.

Mvua za kwanza zilipopiga alisema anakwenda. Mume wangu alianza kubisha, nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Tasnifu yangu niliitetea baadaye. Mmoja wa watahini aliniuliza kwa nini niliacha mada ya mkonge katikati. Nilikuwa nimeandaa jibu la kitaalamu, la unyevu na mshikamano wa nyuzi, nikalitoa. Profesa alikuwa kwenye kona anatabasamu. Karakana sasa inamuuliza kila mgonjwa anayerudi kama joto linamsumbua, na kama ameufanyia mguu chochote. Fundi anauliza taratibu, na anawaambia mapema kwamba hatagomba. Anasema wengi huanza kwa kukana.

Nilikwenda Busi mwaka uliofuata, wakati maharage yamekomaa. Mama alinipeleka shambani mwenyewe. Alitangulia, fimbo mkononi, akiteremka ubavu ubavu, akikanyaga kwanza kwa mguu mzima kisha akiufuatisha ule mwingine, na mimi nyuma yake nikishika vichaka nisianguke. Kulikuwa na ukungu mwembamba bondeni na harufu ya udongo uliogeuzwa. Tulipofika kwenye matuta, jirani yake mmoja alitusalimia kwa Kirangi, akauliza kitu huku akinionyesha kwa kidevu.

Mama alimjibu, kisha akanigeukia akanitafsiria.

"Ameuliza wewe ni nani. Nimemwambia wewe ni binti yangu wa Dodoma, na umekuja kuvuna, siyo kutazama."

Akanipa kikapu, akaniambia nianze na tuta la chini, kwa sababu jua lingefika pale kwanza.